Fundi wa Voi na Taa ya Manjano ya Gari la Mlondo

Saa tatu asubuhi jua la Voi limeshashika hatamu, na mabati ya karakana zilizo nyuma ya stesheni ya reli yameanza kulia kwa joto. Thadeus Mwasaru amepiga magoti kando ya gari jeupe lililoinuliwa kwa jeki, mkono mmoja juu ya tairi la mbele la kushoto, macho kwenye mita ndogo ya stima iliyokaa juu ya debe. Analizungusha tairi. Linazunguka mara tano, mara sita, bila kelele yoyote. Mshale wa mita umelala.

Analizungusha tena kwa nguvu zaidi. Mshale unanyanyuka kidogo, kama mgonjwa anayetaka kusema neno, kisha unalala tena.

"Umeona?" anauliza, bila kumtazama mtu. "Ile ya kulia inacheza. Ya nyuma inacheza. Hii peke yake ndio imenyamaza. Sasa kwa nini?"

Leo ni Alhamisi ya pili ya Julai, 1988. Gari liko hapa tangu Jumatatu. Keshokutwa kamati ya zahanati ya Mlondo, kijiji kilicho milimani juu ya Wundanyi, itakutana kuamua kama gari hilo liuzwe, na mnunuzi ameshapatikana Mombasa. Likiuzwa, mama mwenye uchungu wa uzazi kule Mlondo atashuka mlima kwa machela, mabegani mwa wanaume, kama bibi yake alivyoshushwa.

Thadeus ana miaka arobaini na saba, ni mfupi, na mikono yake ni mikubwa kuliko mwili wake. Mjini Voi ukiuliza fundi wa breki utaelekezwa kwake hata na mtu asiyekuwa na gari. Siku hizi tatu, asema, hajapata usingizi wa maana.

Gari lenyewe ni la Kijerumani, la mwaka 1980, refu nyuma kiasi cha mtu mzima kulala akanyoosha miguu. Daktari mgeni aliyetumikia Mlondo kwa miaka minne aliliacha aliporudi kwao mwaka 1985, pamoja na kitabu chake kinene cha Kijerumani ambacho Thadeus hajapata mtu wa kumsomea. Tangu hapo limekuwa likishusha wagonjwa hadi hospitali ya Voi, zaidi ya kilomita hamsini za kona, changarawe na ukungu.

"Mwaka jana peke yake tulishusha akina mama arobaini na mmoja," asema Sista Tryphena Wakesho, muuguzi mkuu wa zahanati. "Wote walifika. Sisemi wote walijifungua salama, hiyo ni kazi ya Mungu na ya daktari. Nasema walifika."

Gari hili lina jambo ambalo magari mengi ya barabara zetu hayana. Katika gari la kawaida, ukikanyaga breki ghafla tairi hukwama, na tairi lililokwama halisikii usukani. Dereva atakata kona kwa mikono yake yote miwili na gari litaendelea kuteleza linakotaka lenyewe. Hili la Mlondo lina breki zisizokubali tairi likwame.

Karibu na kila tairi la mbele, na pale katikati nyuma, kuna kijiti cha sumaku kilichozungushiwa waya mwembamba kama unywele. Kijiti kinatazamana na duara la chuma lenye meno, lakini hakiligusi. Meno yakipita mbele yake, waya hutoa stima kidogo mno, na sanduku dogo lililofichwa ndani ya gari huhesabu. Sanduku likiona tairi linataka kukwama, linaiachia breki ya tairi hilo na kuishika tena, mara nyingi ndani ya sekunde moja.

Thadeus anaviita vijiti hivyo masikio.

"Hebu fikiria," anasema, na sauti yake inashuka kama ya mtu aliyeingia kanisani amechelewa. "Kitu hakimgusi mwenzake hata kidogo, lakini kinajua anaenda mbio gani. Mimi nimeshika breki miaka ishirini na tano. Mguu wangu hauwezi kushika na kuachia mara nane kabla hujapepesa jicho. Aliyefikiria hii kitu, ningekutana naye ningemvulia kofia."

Shida ilianza Mei. Taa ya manjano iliyo mbele ya dereva iliwaka na kukataa kuzima. Wiki kadhaa gari lilikwenda hivyo hivyo, taa ikiwaka, watu wakiizoea. Kisha ikaja siku moja ya Juni ambayo Noah Kilonzo, dereva wa zahanati, bado anaisimulia huku mguu wake wa kulia ukikanyaga hewa.

"Tulikuwa tunashuka na mama mmoja, Sista ako nyuma ameshika chupa ya maji ya dripu," anasema. "Nafika ile kona kali, niko polepole kabisa, karibu kusimama. Nikagusa breki kidogo tu. Pedali ikaanza kutetemeka chini ya mguu, trrrrr, na gari haisimami! Inaenda tu. Nikavuta handibreki kwa nguvu zangu zote. Tulisimama bampa imeshaliegemea lile jiwe la pembeni. Nikiangalia chini naona migomba ya watu, lakini naiona kutoka juu, majani tu."

Mama alifika Voi na akajifungua msichana. Kamati ilikaa Jumapili iliyofuata na kusema gari liuzwe kabla halijaua mtu. Ni Sista Tryphena aliyeomba lipelekwe kwanza kwa Thadeus. Mwenyekiti, Mzee Danson Mwadime, mwalimu mstaafu asiyependa maneno mengi, akakubali, ila akamtuma Noah na ujumbe ambao Thadeus anaukumbuka neno kwa neno.

"Mwambie fundi hatutaki kuambiwa imepona. Tunataka kuambiwa ilikuwa inaumwa nini. Ugonjwa usio na jina utarudi, na utarudi mama wa mtu akiwa ndani."

Ushauri haukukosekana. Fundi mmoja aliyepita na baiskeli yake alicheka na kusema, "Toa globu, roho zitulie." Mwingine, wa Mombasa, aliulizwa kwa simu akajibu kwamba sanduku limekufa na jipya ni shilingi elfu ishirini na mbili. Thadeus, mwezi ukiwa mzuri, hupata elfu moja na mia tano.

Hakutoa globu, wala hakuagiza sanduku. Jumatatu alianza na vitu visivyo na gharama, maana fundi mwenye adabu haanzi na mfuko wa mtu. Alitoa fyuzi moja baada ya nyingine akazisugua. Akapima betri. Akaangalia mafuta ya breki. Taa ikabaki ikimtazama.

Jumanne alitoa upepo kwenye mabomba ya breki, tairi kwa tairi, Noah akikanyaga pedali na kuhesabu kwa sauti. Hapakuwa na upepo. Jumatano nzima alikaa na kitabu cha Kijerumani mapajani, akifuata picha kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka akaona ukurasa wenye kijiti na duara la meno. Hapo ndipo alipoelewa, mara ya kwanza, gari hili linafanya nini. Anasema alikifunga kitabu akatoka nje akatembea kidogo, kwa sababu moyo ulikuwa unamwenda mbio.

Kwa nini fundi wa magari ashtuke hivyo kwa picha? Jibu liko kwenye reli.

Thadeus alizaliwa Mgange, juu milimani, na mwaka 1962 alishuka Voi kuandikwa kazi katika treni za kwenda Taveta. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi. Treni ikisimama, yeye anaruka na kopo lake, anakimbia kutoka behewa la kwanza hadi la mwisho, anafungua, anapaka, anafunga, kabla filimbi haijalia. Vumbi jekundu la kutoka Maktau hadi Salaita halikuwa na huruma. Mkubwa wake, Mzee Muli, Mkamba mkali aliyekuwa na meno machache na maneno mengi, alimfundisha amri moja tu: chuma kilicho wazi kipake.

"Alikuwa anasema, chuma kikavu ni chakula cha vumbi," Thadeus anakumbuka. "Ukiacha hata kimoja, anakurudisha kwa miguu."

Siku moja ya mwaka 1966, karibu na Salaita, breki ya behewa lililojaa ndizi za Taveta ilishika ikakataa kuachia. Gurudumu likakwama, likaburutwa juu ya reli likitoa cheche. Treni iliposimama, kijana Thadeus aliinama akaona chuma kimechongeka bapa upana wa kiganja. Akamuuliza Mzee Muli kwa nini breki isijue kuachia yenyewe gurudumu likikwama.

"Alinicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, breki haina akili, Thadeo. Akili ni yako." Anatingisha kichwa. "Miaka ishirini na mbili baadaye naletewa gari yenye breki iko na akili. Mzee Muli hayuko. Nilitamani sana awe hapa Jumatano."

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, treni zikaacha kuvuka kwenda Moshi, na Thadeus akawa mmoja wa walioambiwa warudi nyumbani. Alikuwa na mke, Wakio, na watoto watatu. Alianza na mikokoteni ya sokoni, kisha pikipiki, kisha magari. Kopo la grisi hakuliacha. Grisi yake ni ile ile ya reli, nyeusi, nzito, inayong'aa kama risasi ya penseli, na huinunua kwa kilo kutoka kwa mtu wanayejuana. Hakuna karakana nyingine Voi inayoitumia.

Kila gari linalotoka kwake hupakwa nyuma ya tairi, bure, kila chuma anachokiona kiko wazi. Wateja, wengi wao watu wa kanisa, wanaiita mafuta ya upako, na wapo wanaoamini kwamba gari lisilopakwa na Thadeus halifiki hata Mwatate, mji wa pili tu kutoka hapo.

Sasa, Alhamisi hii, mita imemwonyesha sikio lililonyamaza. Analipima lenyewe, ncha kwa ncha. Waya ni mzima. Analilinganisha na la kulia. Ni sawasawa.

"Kwa hivyo sikio halijafa," anajiambia. "Limezibwa."

Noah anaaga kwenda kunywa chai stesheni. Thadeus anafungua bolti moja ndogo na kuanza kukichomoa kijiti. Kimeshikwa na kutu. Akikivuta kwa nguvu kitavunjika, na kingine hakipatikani upande huu wa Mombasa. Anakidondoshea parafini, anasubiri, anakizungusha kwa vidole viwili upana wa unywele kwenda kushoto, upana wa unywele kurudi kulia. Karibu saa nzima inapita hivyo. Jasho linamwingia machoni na hajifuti.

Kinatoka. Anakiinua kwenye mwanga, kisha anakaa chini mavumbini.

Ncha ya kijiti imeota ndevu. Ni ndevu nyeusi, nene, zimesimama wima, za unga wa chuma uliosagika kutoka kwenye diski za breki, zikichanganyika na zile chembe nyeusi za udongo wa Voi ambazo hubaki mitaroni mvua ikipita na kunata kwenye sumaku. Sumaku ilikuwa imezikusanya miezi yote hiyo, chembe kwa chembe. Meno yalipita mbele yake na sikio halikuyasikia vizuri. Gari likienda polepole halikuyasikia kabisa, na sanduku, likidhani tairi limekwama, likaachia breki. Ndiyo maana gari lilikataa kusimama pale konani.

Lakini chembe kavu zingepeperuka, au zingeoshwa na maji ya barabarani. Kuna kitu kilizishika. Thadeus anachukua kidogo kati ya vidole viwili, anasugua, ananusa. Inang'aa kama risasi ya penseli.

Machi, kabla ya mvua za masika, gari hili lililetwa kwake kubadilishwa beringi ya tairi hilo hilo la kushoto. Alibadilisha vizuri. Alipokuwa anafunga, aliona kijiti kidogo ambacho hakukijua kazi yake.

"Nilikiona kimekaa wazi, kikavu," anasema, akitazama viganja vyake. "Nikakihurumia."

Usilolijua, walisema wahenga, ni kama usiku wa giza. Thadeus alikuwa ametembea gizani na kopo mkononi, akitenda wema.

Noah hajarudi. Karakana ya jirani wamefunga kwenda kula. Kitambaa na petroli kidogo, dakika moja tu, na hakuna binadamu ambaye angejua. Thadeus anakiri kwamba alilifikiria hilo, na hakulifikiria haraka haraka. Kisha alichana kipande cha gazeti, akazikwangua zile ndevu zote juu yake, akakunja, akatia mfukoni. Ndipo akapanguza kijiti hadi kikang'aa, akakirudisha, akazungusha tairi.

Mshale uliruka. Alicheka peke yake kwa sauti, kisha akakigusa kile kipande cha gazeti mfukoni.

"Imepona!" Noah alipiga kelele kutoka mlangoni alipouona mshale unavyocheza. Thadeus alimwambia ndiyo, imepona, na hakuongeza neno.

Nyumbani, mtaani Sofia, Wakio alikuwa anachambua maharagwe alipoelezwa habari hiyo. Hakuinua uso.

"Baba Dinah, hii mji ni ndogo," alisema. "Ukisema ni grisi yako, kila mwenye gari uliyopaka tangu sabini na saba atakuja kukuuliza. Na karo ya Dinah bado. Waambie taa imezima, basi. Si ni kweli imezima?"

"Mwenyekiti hakuuliza kama imezima. Ameuliza ilikuwa inaumwa nini."

"Sema hujui."

"Nikisema sijui, wanauza."

Wakio aliendelea na maharagwe yake. Akatoa mawe mawili, akatoa la tatu. Mwishowe akasema, "Basi vaa shati la Jumapili."

Jumamosi asubuhi ukungu umelala juu ya Mlondo, na barabara ya udongo iliyo chini ya kanisa inateleza. Wanakamati kumi na mmoja wameketi kwenye viti vya mbao ndani ya ukumbi, makoti yamefungwa hadi shingoni. Thadeus, aliyepanda mlima na Noah kwa gari lile lile, anasimama mbele yao na shati lake jeupe. Anatoa kipande cha gazeti, anakikunjua mezani, anapitisha sumaku ndogo juu yake. Zile ndevu zinasimama.

Anawaeleza yote. Hasemi "ilitokea" wala "bahati mbaya." Anasema, "Nilipaka mimi."

Kisha mwanakamati mmoja wa nyuma anauliza polepole, "Kwa hivyo Noah alikuwa afe kwa sababu ya grisi yako?"

"Ndiyo."

"Na yule mama?"

"Ndiyo. Na Sista."

Sista Tryphena ameketi dirishani, mikono mapajani. Yeye ndiye aliyeomba gari lipelekwe kwa Thadeus, na uso wake hausomeki.

"Ulipoiona ulikuwa na nani?" anauliza.

"Peke yangu."

"Ungepanguza tu."

"Nilipanguza, Sista. Lakini hii niliiweka."

Mzee Danson anavaa miwani, anaukagua ule unga, anavua miwani. Anasema sababu ameielewa. Sasa anataka kuona kama gari linafanya kile ambacho fundi anasema linafanya, maana tangu liwasili Mlondo hakuna aliyewahi kuonyeshwa.

Thadeus naye hajawahi kuona. Ameona picha tu. Anaomba kikapu cha kabeji.

Kikapu kinawekwa katikati ya mteremko, mahali penye tope. Watu wote wanasimama juu ya ukingo, pamoja na wengine waliotoka shambani kuona kuna nini. Kwanza Thadeus anachomoa waya wa sanduku, ili breki ziwe kama za gari lolote. Noah anashuka kwa mwendo wa wastani, anakanyaga breki hatua ishirini kabla ya kikapu, anakata usukani. Matairi ya mbele yanageuka kulia kama yalivyoambiwa. Gari haligeuki. Linateleza moja kwa moja, linapanda kikapu, na kabeji zinatawanyika hadi mtaroni. Watu wanacheka, isipokuwa mwenye kabeji.

Thadeus anarudisha waya. Taa ya manjano inawaka, inazima. Kikapu cha pili kinawekwa mahali pale pale, baada ya majadiliano.

Noah anashuka tena, mwendo ule ule. Anakanyaga pale pale. Safari hii kuna mlio, trrrrr, kama mtu anayechana kitambaa kigumu, na gari, breki zikiwa zimekanyagwa hadi mwisho, linapinda. Linakizunguka kikapu kama ng'ombe anavyokizunguka kisiki, linarudi katikati ya barabara na kusimama. Jani moja la kabeji halikuguswa.

Hakuna anayecheka. Mwanamke mmoja wa kamati ameweka mkono kifuani.

Mzee Danson anateremka kwa mkongojo wake mpaka kwenye alama za matairi. Anachutama. Pale gari lilipopita mara ya kwanza kuna michirizi miwili mirefu, laini, kama iliyopakwa kwa kisu. Pale lilipopita mara ya pili udongo umekatika vipande vipande, alama na nafasi, alama na nafasi. Mzee anaweka kidole juu ya kila alama.

"Imeshika," anasema. "Imeachia. Imeshika. Imeachia." Anaendelea hivyo mpaka mwisho wa alama, na watu walio ukingoni wanahesabu pamoja naye kwa kunong'ona.

Thadeus amebaki amesimama mahali alipokuwa. Machozi yanamtoka na hayafichi. Alipoulizwa baadaye kwa nini alilia, alisema hakuwa na huzuni hata kidogo. "Nilikuwa nimeishi hadi nikaiona breki yenye akili," alisema.

Ndani ya ukumbi kura haikuchukua muda. Gari halitauzwa. Lakini mwanakamati yule wa nyuma akasimama tena na kupendekeza kwamba kuanzia sasa lipelekwe kwa fundi mwingine, kwani aliyekosea mara moja anaweza kukosea mara mbili. Wapo walioitikia kwa vichwa. Thadeus aliangalia chini na hakujitetea.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema Sista Tryphena kutoka dirishani. "Huyu hakuficha. Mimi ndiye nakaa nyuma ya hiyo gari, nimeshika mkono wa mama. Nyinyi mnabaki hapa. Nataka huyu."

Hakuna aliyempinga.

Habari zilishuka mlima kabla ya Thadeus. Kufikia Jumanne wateja wawili, mmoja mwenye lori la mchanga na mwingine mfanyabiashara wa soko, walikuwa wamehamisha magari yao kwa fundi mwingine, na mapato ya mwezi yalipungua karibu theluthi. Wengine walikuja wakiwa na hofu, na Thadeus aliwafungulia matairi bila malipo, magari kumi na manne kwa jumla. Yote yalikuwa ya breki za kawaida, yasiyo na masikio, na grisi haikuwa imeyadhuru. Hata hivyo aliyakagua moja baada ya jingine kwa tochi.

Wakio alifanya hesabu ya karo na kuuza mbuzi mmoja. Hakumlaumu mumewe. "Kikulacho ki nguoni mwako," anasema, akicheka kidogo. "Na huyu nguo namfulia mimi."

Kinachomnyima Thadeus raha sasa ni Taveta. Amesikia kwamba huko, na Mboghoni kwenye mashamba ya kumwagilia maji, wafanyabiashara wa ndizi wameanza kununua magari makuukuu ya kutoka ng'ambo, na mawili kati ya hayo yana taa ya manjano kama ile. Mafundi wengi wa kule ni wenzake wa zamani wa reli. Walifundishwa na Mzee Muli yule yule, na makopo yao ya grisi wanayo.

Amenunua daftari la kurasa thelathini na mbili. Kila jioni kabla ya chakula anaandika kwa Kiswahili na kuchora kwa kalamu ya Dinah: tairi linavyoonekana kwa nyuma, chuma gani kipakwe, kipi kiachwe kikavu, jinsi ya kulipima sikio kwa mita, jinsi ya kulichomoa bila kulivunja. Agosti atapanda treni ya kwenda Taveta, aketi na fundi mmoja mmoja. Ukurasa wa kwanza unaeleza kosa lake, na tarehe, na gari, na kona ile. Wakio alimwomba jina asiweke. Ameliweka.

Ameambiwa kwamba Taveta watamcheka, mzee mzima kusafiri siku nzima kutangaza aibu yake. Anafunga daftari na kuliweka juu ya kabati, mbali na mikono ya watoto.

"Wacha wacheke," anasema. "Anayecheka hasahau. Siku moja atapiga magoti mbele ya tairi, kopo la grisi mkononi, aone kale kajiti kamekaa wazi, kakavu. Atanikumbuka, na mkono wake utasimama."